Tafakari ya Juma: Kura Iliyobadilishwa



Ndugu zetu wapendwa katika Kristo, juma lililopita kamati ya vijana ilituletea ratiba ya mashindano ya mpira wa miguu ya vigango, yatakayofanyika kuelekea sikukuu ya Somo wa Parokia yetu. Pamoja na ratiba hiyo walituletea habari njema: yuko muumini mwenzetu aliyejitolea kununua jezi za timu zote na mbuzi wa zawadi. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, wakatueleza ombi lake dogo. Anaomba kigango chake kisipangwe kundi moja na kigango kinachotwaa kombe kila mwaka.

Vijana hao walitutazama wakisubiri jibu. Tukawaambia warudi Jumamosi. Si kwamba jibu tulikuwa hatulijui. Tulihitaji siku chache za kujipa moyo ili tuwaeleze kwa nini tunalijua. Tafakari ya juma hili ndiyo maelezo hayo, na tumeona ni vema tuwashirikishe ninyi nyote, maana jambo lenyewe lilitendeka hadharani, nalo halistahili kubaki katika daftari la paroko peke yake.

Wengi wenu mnafahamu kwamba kabla ya kukabidhiwa parokia hii tulikuwa katika utume huko Taipei, katika kisiwa cha Taiwan, kuanzia mwaka 2006 hadi 2012. Waamini Wakatoliki kule ni kundi dogo katikati ya umati wa watu wa dini nyingine na wasio na dini. Kila alfajiri, tulipokuwa tukienda kuadhimisha Misa katika konventi ya masista, tulipita kando ya bustani ya mji tukawakuta wazee kwa vijana wamejipanga kimya chini ya miti, wakizungusha mikono polepole kana kwamba wanapapasa kitu kisichoonekana. Huo ndio mchezo uitwao taijiquan, ambao wengi huufahamu kwa jina fupi la taichi.

Yafaa tueleze kidogo, kwa sababu watu wengi huudhania kuwa ni mazoezi ya viungo ya wastaafu tu. Wachina huyagawa mapigano yao ya jadi katika makundi mawili, ya nje na ya ndani. Mgawanyo huo unaonekana tayari katika maandishi ya mwanachuoni Huang Zongxi ya mwaka 1669, aliyoyatunga kwa ajili ya kaburi la mpiganaji mmoja. Mapigano ya nje hutegemea zaidi nguvu za misuli na kasi. Ya ndani humfundisha mtu kulegeza mwili, kusimama imara, na kuitumia nguvu ya mpinzani badala ya kushindana nayo. Katika kundi hili la ndani huhesabiwa hasa xingyiquan, baguazhang na taijiquan. Taijiquan yenyewe ilitunzwa kwa vizazi na ukoo wa Chen katika kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, na katika karne ya 19 Yang Luchan akaifikisha Beijing. Mwaka 1956 wakuu wa michezo wa China walitoa mfululizo mfupi wa miondoko 24 ili kila raia aweze kujifunza, na Desemba 2020 UNESCO iliiingiza taijiquan katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Huko Taipei aliyejulikana sana ni Zheng Manqing, aliyefika kisiwani mwaka 1949 na kufundisha mfululizo wake mfupi wa miondoko 37 hadi alipofariki mwaka 1975.

Taichi ina upande wa pili ambao mpita njia bustanini hauoni. Nao ni tuishou, yaani kusukumana mikono. Wachezaji wawili husimama wakitazamana, mguu mmoja mbele, mikono yao imegusana, na kila mmoja hutafuta kumwondoa mwenzake mahali alipo bila kumpiga, bila kumkamata nguo na bila kumpiga teke. Anayeinua unyayo au kuanguka ndiye anayepoteza alama. Tulishangaa kuona mtu mwembamba akimwondoa jitu la mtu kwa kuzungusha kiuno tu. Walitufafanulia kwamba jambo la kwanza kujifunza linaitwa kusikiliza, si kwa masikio bali kwa ngozi: kutambua kupitia mguso wa mkono mwenzako anataka kwenda wapi, na kama anavyojionyesha ndivyo alivyo.

Mwaka 2009 jiji la Kaohsiung, kusini mwa kisiwa, lilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Dunia, na mapigano ya jadi ya Kichina yalikuwamo kama mchezo mwalikwa. Kisiwa kizima kilichangamka. Parokia yetu wakati huo ilikuwa na shida ya paa la chekechea, lililokuwa limeharibiwa na tufani. Mwalimu mmoja wa taichi, mzee Mkatoliki aliyefundisha uani kwa kanisa, akapendekeza tuandae mashindano ya kusukumana mikono, kiingilio na mchango wa chakula viende kwenye paa. Tukakubali kwa furaha.

Haikupita wiki kabla ya pingamizi kuja. Baadhi ya akina mama wa Lejio ya Maria walitujia na hofu ya kweli. Je, si upagani huu? Hiyo pumzi ya ndani inayozungumzwa na wachezaji si mizimu ya Kichina iliyofichwa? Hatukuwadharau. Tulifanya vikao vitatu, tukiwa na maandishi ya Kanisa mezani. Tulisoma barua ya mwaka 1989 ya Usharika wa Mafundisho ya Imani juu ya tafakari ya Kikristo, inayotuonya tusidhani kwamba utulivu wa mwili ni sawa na faraja ya Roho Mtakatifu. Tulisoma hati ya Vatikano ya mwaka 2003 juu ya mikondo ya kiroho ya Zama Mpya. Tulisoma pia Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, linalofundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Tukakumbushana habari ya Padre Matteo Ricci, Mjesuiti aliyeingia China mwaka 1583, akajifunza lugha na adabu za Wachina, akafariki Beijing mwaka 1610, na ambaye fadhila zake za kishujaa zilitambuliwa na Baba Mtakatifu Fransisko Desemba 2022. Tukakumbushana jinsi heshima kwa wahenga ilivyokatazwa kwa Wakatoliki wa China katika karne ya 18, na jinsi Roma ilivyolegeza katazo hilo mwaka 1939.

Mwishoni tuliafikiana. Mchezo uchezwe kama mchezo. Pasiwe na uvumba, wala kuinamia picha yoyote, wala mafundisho ya kupata wokovu kwa pumzi. Siku ianze kwa Misa Takatifu. Akina mama wakaridhika, tena wakajitolea kupika. Tulijiona kuwa wachungaji hodari waliolinda zizi.

Kuandaa mashindano ni kazi kubwa, ndugu zetu. Tuliazima mizani, tukachora mistari sakafuni ukumbini, tukatafuta waamuzi watatu kutoka nje ili pasiwe na manung'uniko, tukamwomba daktari muumini akae mlangoni. Kila pambano lilikuwa na vipindi viwili vya dakika mbili. Katika kipindi cha pili mguu wa mbele ulibadilishwa. Kunyanyua mguu kulimpa mpinzani alama moja, kuanguka alama mbili. Washiriki waligawanywa kwa uzito. Jumamosi jioni walipimwa, na kila mmoja akachota karatasi yenye namba kutoka kwenye sanduku, akamwonyesha katibu, naye akaandika.

Katika uzito wa kati walijiandikisha watu 11. Kwa hesabu hiyo isiyogawanyika vema, wale waliochota namba 1 hadi 5 walipita raundi ya kwanza bila kupambana, na wale wa 6 hadi 11 walianza moja kwa moja. Hivyo aliyebahatika angehitaji mapambano matatu kutwaa kombe, na asiyebahatika manne. Ni jambo la kawaida katika mashindano, nalo ni la haki kwa sababu moja tu: hakuna aliyelichagua.

Kati ya hao 11 alikuwamo mkatekumeni wetu, mpakuzi wa mizigo katika soko la mboga, aliyeanza kazi saa nane za usiku na kuja katekesi jioni akisinzia. Alikuwa mchezaji bora uani petu. Alikuwamo pia kijana wa mfanyabiashara mmoja muumini, ambaye alitununulia mazulia, vikombe na chakula cha mchana, na aliyeahidi kuongeza fedha zote zitakazopungua kwenye paa. Mkatekumeni alichota namba 3. Kijana alichota namba 8, na namba 8 ilimkutanisha asubuhi na mapema na bingwa wa zamani, mwanafunzi mkongwe wa Mwalimu.

Usiku ule baba wa kijana alikuja ofisini. Hakutisha wala hakutoa bahasha. Alisema tu kwamba mama wa kijana alikuwa anakuja kutoka mbali, kwamba ingekuwa aibu mtoto akitoka katika pambano la kwanza, na kwamba paa la chekechea alikuwa analifikiria sana. Akaaga kwa heshima. Tukabaki wawili, sisi na katibu. Tulitazamana. Tukasema ni mchezo tu. Tukasema yule mkatekumeni ni hodari, hata akipambana mara nne atashinda. Tukasema ni kwa ajili ya watoto wanaonyeshewa mvua. Kisha namba 3 na namba 8 zikabadilishana majina. Mwalimu hatukumwambia.

Tunaandika "sisi" kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, lakini tusijifiche nyuma ya neno hilo. Katibu aliuliza, na aliyeitikia kwa kichwa alikuwa paroko.

Dominika, baada ya Misa, ubao ulitundikwa. Mkatekumeni aliutazama kwa muda mrefu kidogo, akaenda kujinyoosha. Alimshinda bingwa wa zamani kwa jasho jingi, akawashinda wawili waliofuata, na fainali ikamkutanisha na yule kijana, aliyekuwa bado na nguvu. Zikiwa zimebaki sekunde chache walikuwa sawa, sita kwa sita. Kisigino cha nyuma cha mkatekumeni kikainuka. Saba kwa sita. Ukumbi ukashangilia, na sisi tukakabidhi kombe tukitabasamu.

Jioni, tulipokuwa tunakunja mazulia, alitujia. "Shenfu," alisema, ndivyo Wachina wanavyomwita padre, "hii ilikuwa mfukoni mwangu. Sikujua kama niitupe." Akatuwekea mkononi karatasi ndogo yenye namba 3. Hakutaka rufaa. Hakuuliza chochote. Tulitaka kusema kitu, naye alisubiri kwa adabu, mkono wake ukiwa bado umegusana na wetu. Tulikumbuka yale waliyotufundisha juu ya kusikiliza kwa ngozi. Hatukusema kitu. Akainama kidogo, akaondoka. Jumanne hakuja katekesi. Wala Alhamisi.

Ndugu zetu wapendwa, tuone jinsi tulivyokuwa. Tulitumia vikao vitatu kuchunguza kama pepo wa kigeni atapenya kupitia mchezo wa Kichina, wala hatukutumia hata dakika tano kujichunguza juu ya yule mungu wa zamani kabisa, ambaye Bwana wetu alimtaja kwa jina aliposema hatuwezi kumtumikia pamoja na Mungu. Tulilinda mlango wa mbele kwa hati za Kanisa, naye Mali akaingia ofisini kwetu bila kubisha hodi, akaketi, na tukampa chai. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea Wakristo wanaomkalisha pazuri mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame kule. Tulikuwa tumelisoma somo hilo mara nyingi altareni. Hatukudhani kwamba ubao wa ratiba nao una viti vya mbele na vya nyuma.

Tulikwenda kuungama kwa padre mzee wa shirika jirani. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatuuliza swali moja: mtu huyu aliibiwa wapi? Tukajibu, ukumbini, mbele ya watu. Akasema, basi msimrudishie gizani. Alitukumbusha fundisho ambalo sisi wenyewe huwafundisha wengine, kwamba nia njema haigeuzi tendo baya kuwa jema, wala lengo halihalalishi njia. Na kwamba kosa dhidi ya haki hudai malipizi. Mnaweza kuyasoma katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1753 na 2412. Zakayo hakumwambia Bwana kwamba anajuta tu. Alitaja na kiasi atakachorudisha.

Dominika iliyofuata, kabla ya baraka ya mwisho, tuliwaeleza waamini yaliyotendeka. Hatukumtaja mfadhili, maana tendo lilikuwa letu. Lakini nani asiyejua? Mfanyabiashara alitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho, na ahadi ya paa ikatoka naye. Chekechea ilifunikwa kwa turubai kwa misimu miwili ya tufani, na akina mama wale wale wa Lejio ndio waliokuwa wakifagia maji. Kijana wake alikuja peke yake jioni, amelibeba kombe ndani ya mfuko wa plastiki. Alisema naye aliuona ubao, akajua namba yake haikuwa ile, akanyamaza. Tulilia pamoja naye kidogo, na tunakiri kwamba kombe lile lilirudishwa na mikono safi kuliko iliyolitoa.

Mwalimu hakutukaripia. Alituambia tu kwamba katika kusukumana mikono, mtu anapoanguka watazamaji huona ule msukumo wa mwisho, lakini mchezaji anajua kwamba usawa wake aliupoteza mapema, pale alipoegemea kitu kisicho chake. Kisha alilipeleka kombe sokoni. Mkatekumeni alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatutumia salamu.

Lakini hakurudi katekesi. Tulimfuata sokoni mara mbili, saa za usiku, katikati ya makasha ya kabichi. Alitukaribisha kwa chai, akazungumza nasi juu ya mvua na bei. Tulimwomba msamaha, akasema amesamehe, na tunaamini alisema kweli. Hadi tunaondoka mwaka 2012 hatukumbatiza. Hatujui kama kuna aliyembatiza baadaye. Jina lake huwa tunalitaja kimya kimya katika kila Misa, tunapowaombea walio hai.

Tungependa kuwapeni mwisho mzuri zaidi wa habari hii, lakini huo ndio tulio nao. Dhambi yetu ilisamehewa; hilo tunalishikilia kwa imani. Ila msamaha haukumrudisha mtu yule kitini kwake katika chumba cha katekesi. Wapo watu wanaotuangalia sisi tulio ndani ili waamue kama waingie. Wanatupima kwa mambo madogo: nani anapangwa na nani, nani anasubiri foleni, jina la nani linasomwa kwanza kwenye harambee. Yanaitwa madogo na sisi tusiodhulumiwa nayo.

Ndiyo maana Jumamosi tutawajibu vijana wetu hivi. Jezi za mfadhili tutazipokea kwa shukrani, na mbuzi wake pia, kama bado anapenda kutoa. Lakini makundi yatapangwa kwa kura Dominika ijayo, uwanjani mbele ya kanisa, mara baada ya Misa ya pili. Karatasi zote zitaonyeshwa kwa watu kabla ya kukunjwa. Zitachotwa na mtoto wa Utoto Mtakatifu, zitasomwa kwa sauti, na zitabandikwa papo hapo kwenye ubao wa matangazo, kila karatasi chini ya jina la kigango chake, zibaki pale hadi siku ya fainali. Paroko atakuwepo, lakini hatagusa sanduku.

Nasi tunakuombeni, kila mmoja mahali pake, ajiulize juma hili: ni karatasi ya nani niliyoibadilisha? Katika kugawa vibarua, katika kupanga foleni ya zahanati, katika kuchagua viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, katika kuwapendelea watoto wetu wenyewe nyumbani. Na kama iko, tusiishie kwenye kiti cha maungamo. Tutoke pale tukamtafute mwenyewe, tukamrudishie mbele ya wale waliotuona tukichukua. Twende mapema, maana yeye naye ana njia zake, na hatalazimika kutusubiri.

Tunawatakieni Dominika njema, na Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.